Mtikisiko wa Jumapili

Jumamosi saa nne asubuhi duka la dobi lilikuwa limefurika. Watu wamebeba mafurushi, mashine sita zinanguruma, mvuke wa pasi umetanda hadi darini, na harufu ya sabuni inakupokea barabarani kabla hujaingia. Katikati ya fujo hiyo dobi mwenyewe akainua juu ovaroli ya rangi ya machungwa, bado inachuruzika maji.

“Nani mwenye hii?”

Akaigeuza huku na huku, wote waione.

“Nauliza nani mwenye hii! Mashine yangu namba tatu imekufa, na marehemu ameuawa kwa mawe!”

Watu wakaangua kicheko. Mwisho wa foleni, dada mmoja mrefu aliyevaa gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri na mabuti yenye matope makavu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ndiyo ilikuwa kazi yake, lakini siku hiyo haikumsaidia kitu.

“Ni yangu,” alisema. “Samahani sana, kaka. Nilisahau mawe mfukoni. Umepata mangapi?”

“Unaniuliza mangapi? Huulizi hali ya mashine?”

“Yalikuwa kumi na moja. Kila moja na karatasi yake.”

Dobi akamtazama, akaona mtu anayekaribia kulia kwa ajili ya kokoto. Akainama chini ya kaunta, akatoa trei. Mawe yote kumi na moja yalikuwa yamepangwa, kila moja limefungwa kibandiko chenye namba, kama vile vinavyofungwa kwenye nguo za wateja.

“Karatasi zimekuwa uji,” alisema, sasa kwa upole. “Ila nimeyatenga. Haya ya mfuko wa kulia, haya ya kushoto, haya ya nyuma. Humu ndani hatuchanganyi nguo za watu, sembuse mawe.”

Hapo ndipo dada wa watu alipokwisha. Wengine hupendwa kwa macho, wengine kwa sauti. Yeye alimpenda mwanamume kwa sababu hakuchanganya mawe yake. Usimcheke, kila mtu na lake.

Alikuwa mtafiti wa jiolojia, anamalizia shahada ya uzamivu. Dobi akambatiza jina la Mawe, likamganda. Wiki ya pili walikuwa wanakunywa chai chumba cha nyuma ya duka, chini ya feni kuukuu inayotetemeka kama mgonjwa wa homa.

“Hasa unafanya nini, Mawe?”

“Nasikiliza ardhi.”

“Inasemaje?”

“Ina kiu.” Akachukua sifongo ya kusugulia vyombo, akaibana kiganjani. “Chini ya mtaa huu kuna udongo wa mfinyanzi uliojaa maji. Kila mwenye kisima anavuta, anavuta. Udongo ukikauka unasinyaa hivi, na kilicho juu yake kinashuka. Jengo lenu nusu limekalia mwamba, nusu limekalia huu udongo. Nusu ya huku inazama, ya kule haitaki. Ndiyo maana kuta zina nyufa.”

Dobi akageukia dirisha. Kisima chake kilikuwa uani, hatua kumi kutoka pale walipokaa. Juu ya duka kulikuwa na ghorofa tatu, familia kumi na nne, na kwenye ghorofa ya juu kabisa, mama yake mzazi.

Basi Mawe akaja na ombi lake. Wenye visima saba vya mtaa ule wazime pampu kwa wiki kumi, ajue kama ardhi itatulia. Baada ya hapo ataandika barua manispaa: ama wakazi wabaki, ama jengo lihamwe. Dobi alikuwa wa kwanza kutia sahihi, na ndiye aliyewabembeleza wale wengine sita. Maji atanunua ya lori. Wapangaji walimwona mtu wa maana sana.

Siku pampu zilipozimwa, Mawe alichimbia kipima mtikisiko chini ya sakafu ya duka, kidude cha ukubwa wa kopo la rangi. Kila kilichotikisa sakafu kilionekana kama mstari kwenye kompyuta yake kule chuoni. Mashine namba mbili inavyokamua, namba tano inavyogonga. Na hatua za Dobi mwenyewe, moja nzito, moja nyepesi, kwa kuwa mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika.

“Mawe,” Dobi aliita kwenye simu.

“Sema, Dobi.”

“Niko wapi?”

“Umetoka kaunta. Umesimama karibu na namba tano. Mbona unaruka-ruka?”

“Nakuchezea muziki.”

“Kwa mguu huo?”

“Huu huu, mpenzi. Ule mzima naudekeza.”

Alicheka peke yake ofisini hadi mwenzake wa meza ya pili akamuuliza kama anaumwa. Mapenzi yalimkaa vizuri. Alianza kupaka rangi kucha, jambo lisilo na faida yoyote kwa mtu anayefukua udongo.

Halafu ikaja Jumapili ya wiki ya nne. Jumapili duka hufungwa. Mawe alipitia ofisini mchana kuchukua kitabu, akafungua kompyuta kwa mazoea tu. Mstari ulikuwa hai. Hatua nzito, hatua nyepesi: Dobi. Nyuma yake hatua nyingine, ndogo, za haraka haraka, za mtu mwepesi. Zote mbili zikaelekea nyuma. Kikafuata kishindo kidogo, kisha mngurumo wa chini, mfululizo, saa tatu nzima. Feni, Mawe alijiambia. Feni ya chumba cha nyuma. Kitabu alichokijia akakisahau mezani.

Jumatatu alimpigia simu, sauti ameilainisha kama siagi.

“Jana ulishinda wapi, mpenzi?”

“Nilikuwa na mama.”

“Wapi?”

“Juu, nyumbani. Wapi tena?”

Alijua kwamba huo ni uongo. Laiti angeutazama ule mstari kama mtafiti! Lakini wivu ukiingia kwa mlango wa mbele, elimu hutokea dirishani. Jumapili ya tano, yale yale. Ya sita, ya saba. Alikuwa anakwenda ofisini makusudi sasa, anakaa mbele ya kioo cha kompyuta na gauni lake la kutokea, anahesabu dakika ambazo feni ile inawapepea wawili. Hakula vizuri. Kucha akaziacha zibanduke rangi.

Wiki ya nane akampigia.

“Tusitafutane tena.”

“Mawe! Nimefanya nini?”

“Unajua ulichofanya.”

Dobi akanyamaza. Kimya kile ndicho kilichomchoma, maana asiye na kosa angepiga kelele.

“Umejua tangu lini?” aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Tangu Jumapili ya kwanza.”

“Na hukumwambia mtu?”

“Nimwambie nani? Nijitangaze?”

“Nisamehe, Mawe. Sikuwa na njia nyingine.”

“Hukuwa na njia!” Akakata simu, akalia kilio cha kwikwi juu ya ramani ya jiji.

Ulipofika wakati wa kuandika barua, alizikata Jumapili zote kwenye vipimo vyake, akaziwekea alama ya “kelele za binadamu”, akazitupa. Hakutaka kuziona hata kwa dawa. Siku zilizobaki zilikuwa tulivu, na barua ikasema hivyo: ardhi imetulia, wakazi wanaweza kubaki. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza aliisoma kwa sauti kwenye ngazi. Watu wakashangilia, wakanunua chokaa, wakaziba nyufa.

Siku kumi baadaye, Alhamisi asubuhi, Profesa wake alimwita. Alikuwa mama wa makamo asiyepandisha sauti, na kila alipoishusha zaidi wanafunzi walianza kutetemeka.

“Kaa, binti yangu. Picha za rada kutoka setilaiti zimefika. Wewe umeandika ardhi imetulia.”

“Ndiyo, Profesa.”

“Tazama.” Aliweka kidole kwenye ramani. Mtaa mzima ulikuwa wa kijani, isipokuwa doa moja jekundu, dogo, kwenye kona ya jengo la dobi. “Milimita ishirini na mbili kwa wiki kumi. Kona moja tu, kwingine kote kumetulia. Jengo linapindwa. Kuna mtu anavuta maji hapo, na wewe una kipimo chini ya sakafu yake. Kilikuambia nini?”

Mawe akazifungua Jumapili alizozitupa. Kando yake akaweka mtikisiko wa pampu aliyoipima mtaa mwingine mwaka uliopita. Mistari ikalaliana. Kishindo cha kuwaka, kisha mngurumo. Feni haina kishindo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

“Ee Mungu wangu,” alisema. “Bora angekuwa na mwanamke.”

“Unasemaje?”

“Naomba uwapigie manispaa, Profesa. Sasa hivi. Mimi nakimbilia kule.”

Dobi alikuwa kaunta, anakunja shuka nyeupe za hospitali. Alipomwona uso ukang'aa, kisha ukazimika. Mawe hakusalimia.

“Umekuwa ukiwasha pampu.”

“Si ulijua?”

“Nilijua nini, Dobi?”

“Ulisema unajua tangu Jumapili ya kwanza!” Shuka ikamponyoka. “Lori la maji lilikosa kuja mara mbili, hospitali wakasema watampa kazi mwingine. Nina wafanyakazi sita, Mawe. Mama akasema tuwashe Jumapili tu, watu wakiwa matembezini. Uliponiacha nikajua umeniona. Halafu barua yako ikasema jengo ni salama! Nikasema, yule ana hasira na mimi, lakini amepima, ameona maji yangu hayadhuru. Basi nimeendelea. Hata Jumapili iliyopita nimewasha.”

“Nilidhani una mwanamke.”

“Mwanamke gani?”

“Mwenye hatua nyepesi! Mnaingia wote, mnawasha feni!”

“Yule ni mama! Anashuka kunishikia bomba!”

Wakatazamana. Siku nyingine wangecheka mpaka wakalie sakafu. Lakini nyuma ya Dobi ile chokaa mpya ilikuwa imepasuka kutoka dirishani hadi chini, ufa unaoingia mkono, na mlango wa uani haukufunga tena kwa kuwa fremu yake ilikuwa imelala upande. Mawe alipoweka kiganja ukutani, vumbi lilianguka kwenye vidole vyake.

Alitoka akasimama uani, akaita watu. Wakatokeza madirishani, wengine wakashuka.

“Ondokeni ndani! Barua yangu ilikosea. Jengo si salama. Msichukue chochote, shukeni tu!”

Hakuna aliyesogea. Mama mmoja mwenye kanga kiunoni akaweka mikono nyongani.

“Dada, kuachwa si mwisho wa dunia. Usitubomolee nyumba.”

Kicheko kikapanda ghorofa hadi ghorofa. Kumbe mtaa mzima ulijua waliachana, na sasa mtaa mzima ulijiona umejua sababu ya kelele zake.

“Juzi salama, leo hatari,” alisema mwalimu mstaafu. “Mkipatana kesho itakuwa salama tena? Nenda kapumzike, mwanangu.”

“Nawaombeni!” Akaunganisha viganja. “Nichukieni, lakini mtoke!”

Akageuka kumtafuta Dobi. Alikuwa amesimama mlangoni, kijasho kinamtiririka. Mawe aliona anachokipima. Mtu yule alizaliwa kwenye jengo lile. Akifumbua mdomo, duka limekwenda, hospitali imekwenda, na kila aliyemwita mtu wa maana atamtemea mate. Asipofumbua, Mawe atabaki mwanamke mwenye wivu anayepayuka uani.

Dobi akachechemea mbele, akapanda juu ya kreti la sabuni.

“Anasema kweli. Mimi nimewasha pampu. Kila Jumapili, tangu wiki ya nne. Niliwafanya wenzangu sita wazime, mimi nikawasha. Nyumba yenu nimeizamisha mimi.”

Madirishani vichwa vikageukiana. Mwalimu mstaafu akamgeukia Mawe.

“Na kipimo chako? Hakikuziona hizo Jumapili?”

Angeweza kusema kilikuwa kibovu. Hakuna mtu pale ambaye angejua.

“Kiliona. Mimi nilizifuta. Nilidhani… nilidhani yuko na mwanamke, sikutaka kuzitazama.”

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha katikati. Yule mama wa kanga akageuka mbio ndani, akaanza kuwaita wanawe kwa majina. Ndipo jengo zima likashtuka. Watu wakashuka na watoto migongoni, na redio, na sufuria lenye chakula bado cha moto. Wakimpita Dobi, wengine walimsukuma kwa bega. Mmoja alimpiga kofi, naye hakuinua mkono.

Walipohesabiana barabarani, mtu mmoja alikosekana.

“Mama!” Dobi alipiga kelele, na tayari yuko kwenye ngazi.

Mawe akamfuata. Mlango wa ghorofa ya juu ulikuwa umefungwa kwa komeo.

“Mama, fungua!”

“Sitoki.” Sauti ilitoka karibu kabisa na mlango, tulivu. “Nimesikia ulivyojianika pale chini. Pampu niliiwasha mimi. Wewe ulikataa mara tatu, mimi nikakuapiza kwa maziwa niliyokunyonyesha. Kama nyumba ya kuanguka ipo, na iniangukie mimi.”

“Mama, nakuomba! Nakupigia magoti!”

“Huyo msomi yupo? Aniambie litaanguka saa ngapi. Nitatoka dakika tano kabla.”

Mawe akaegemea ukuta. Alikuwa amesoma miaka kumi na miwili ili ajibu swali hilo. “Sijui, mama. Pengine sasa hivi. Pengine mwaka ujao. Pengine lisianguke kabisa. Sijui.”

“Basi nenda zako. Wewe bado kijana.”

Dobi alivamia mlango kwa bega, mara mbili, mara tatu. Ulikuwa mlango wa zamani, mbao nene, haukutikisika. Vumbi tu lilidondoka kutoka darini, na mahali fulani chini yao kitu kikalia, kirefu, kama mti unaokatwa. Akaacha. Akateleza chini, akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

“Shuka, Mawe.”

“Sishuki.”

“Shuka, nakwambia! Nimeshawadhulumu watu wote wa jengo hili, usiniongezee na wewe.”

“Barua niliandika mimi, Dobi. Kwa mkono wangu.” Akakaa kando yake, gauni lake jeupe kwenye vumbi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Kila Jumapili nilikuwa nakutazama. Unajua hilo? Nilikuwa nakuchukia, na bado nakuja kusikiliza unavyotembea.”

Dobi akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na ubichi wa sabuni.

“Sina duka tena,” alisema. “Sina nyumba. Sina jina. Hata pasi ziko huko chini. Nina mguu mmoja na nusu na mama asiyesikia la mtu. Utakubali nikuoe?”

“Unaniuliza hapa?”

“Kuna mahali pengine tuna hakika napo?”

Chini kitu kikalia tena. Mawe akalaza kichwa begani mwake. “Nakubali,” alisema. “Nakubali, bwana wee. Nakubali.”

Komeo likafyatuka.

Mama mtu alisimama mlangoni, kakonda, kajitanda kanga nyeusi, miguuni ndala. Macho yalikuwa yamevimba. Alimtazama mwanawe kwanza, kisha yule msichana, kwa muda mrefu.

“Ndiye wewe uliyenidhania mimi hawara?”

“Ndiyo, mama. Nisamehe.”

“Miaka sitini na nane hakuna aliyewahi kunionea wivu.” Mdomo ukamcheza, hujui ni kicheko au kilio. “Inukeni. Mkwe haangukiwi na ukuta kabla hajapikiwa hata chai. Wewe nishike huku, na wewe huku. Polepole, hizi ngazi si za kuamini.”

Walishuka watatu wameshikana, wanakanyaga upande wa ukutani pale ngazi zilipopinda. Nje, manispaa walikuwa wamefika na kamba za kuzuia watu. Hakuna aliyewapigia makofi. Mama mtu akakaa juu ya furushi la mtu, na majirani wakampa mgongo.

Jioni jengo lilikuwa bado limesimama. Limeinamia kona, lakini limesimama, na familia kumi na nne zimekaa kando ya barabara zinalitazama kwa chuki. Simu ya Mawe ilikuwa imeita mara tisa: Profesa, chuo, Profesa tena. Kesho asubuhi angeitwa mbele ya kamati, na alijua atakachowaambia.

Alimvuta Dobi pembeni, kwenye mlango wa duka lililofungwa.

“Niambie ukweli. Kule juu, uliniposa ili mama asikie atoke?”

“Hapana.”

“Usinidanganye tena, Dobi. Hata kwa kunihurumia.”

“Niliposema yale nilidhani hatatoka.” Akautazama mlango wa duka lake. “Nilidhani tunakufa pale, Mawe. Mtu anayekufa hahitaji nyumba wala kazi ya kumtunzia mke. Sasa tuko hai, na sina chochote. Sasa ndiyo naogopa.”

Mawe alimtazama: uso una alama ya kofi, shati limechanika begani.

“Posa upya, basi,” alisema. “Ukiwa unaogopa hivyo hivyo.”

Na Dobi, mbele ya majirani wote waliomgeuzia mgongo, akaposa.